Kubadili kadi na memori kwenye ruta ya Cisco 1841

Ruta za Cisco 1841 na 2811 zilitoka mwaka 2004, na mtengenezaji aliacha kuzihudumia 2016. Hata hivyo ukipita kwenye maabara za mitandao za vyuo vyetu, na kwenye ofisi ndogo zisizo na fungu la vifaa vipya kila mwaka, utazikuta bado zinapumua. Mimi ninasimamia maabara ya namna hiyo hapa Dodoma. Ruta zinatufikia zikiwa zimeshatumikia watu wengine. Nyingi zina kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 32 na RAM ya megabaiti 128, na kazi yangu ya kwanza ni kuziongezea vyote viwili kabla wanafunzi hawajazigusa.

Nachukulia una ruta mezani, bisibisi ya nyota, laptopu yenye PuTTY (programu ya kuandikia ruta amri) na ile kebo ya konsoli ya bluu, kasi imewekwa 9600. Kama kebo huna, itafute kwanza. Kubadili memori ya ruta bila konsoli ni kufanya kazi ukiwa umefumba macho.

Nini kinakaa wapi

Vijana wengi wanaokuja kwangu wana mikono mizuri. Wanachokosa ni kujua wanachomoa nini. Ruta ina kumbukumbu za aina nne na kila moja ina kazi yake.

ROM ina programu ndogo iitwayo ROMMON, ndiyo inayoamka kwanza unapowasha. NVRAM ni finyu sana, kilobaiti 191 tu kwenye 1841, lakini ndimo inamolala startup-config, yaani usanidi wako uliouhifadhi. Flash ndiyo kadi ya CompactFlash unayoiona kwa macho, na humo kuna faili la mfumo wenyewe, IOS. Ya nne ni RAM. Humo ndimo IOS inamofunguliwa na kufanyia kazi, pamoja na running-config, yaani usanidi unaotumika sasa hivi, na jedwali la njia.

Kwa hiyo ukichomoa kadi, anwani zako na nywila zako hazijaenda popote, ziko NVRAM. Ukizima ruta ili uongeze RAM, unachopoteza ni yale uliyobadilisha bila kuhifadhi. Lakini kadi nayo ina vitu vya kuchungwa zaidi ya IOS. Kama ruta yako ina kadi ya swichi ndani yake, mfano HWIC-4ESW, orodha ya VLAN, yaani mitandao midogo uliyoigawa ndani ya swichi moja, haimo kwenye startup-config. Imo kwenye faili dogo liitwalo vlan.dat, na faili hilo liko kwenye flash. Mtu anaweka kadi mpya, IOS mpya, kila kitu kinawaka kijani, halafu idara ya uhasibu haioni printa, naye anaanza kulaumu kebo.

Angalia pia jina la faili la IOS. Ukiona herufi mz katikati, kama c1841-advipservicesk9-mz, m inakwambia mfumo unaendeshwa ukiwa kwenye RAM, na z inakwambia faili limebanwa. Ruta ikishawaka, IOS yote imeshafunguliwa ndani ya RAM na kadi haina kazi tena mpaka uiite. Ruta za zamani za familia ya 2500 hazikuwa hivyo, zenyewe ziliendesha IOS moja kwa moja kutoka flash. Wazee wa kazi hii wakikwambia usithubutu kugusa flash ruta ikiwa imewaka, wanakumbuka enzi hizo.

Soma ruta kabla ya kununua chochote

Andika show version, kisha tafuta mistari miwili. Wa kwanza unafanana na huu:

Cisco 1841 (revision 6.0) with 114688K/16384K bytes of memory.

Jumlisha namba hizo mbili: 114688 na 16384 ni 131072, yaani megabaiti 128. Namba ya pili ni sehemu iliyotengwa kwa ajili ya pakiti zinazopita, si RAM nyingine. Mstari wa pili unataja ATA CompactFlash na ukubwa wake, kwa kadi ya megabaiti 32 utaona 31360K.

Sasa linganisha na faili unalotaka. Chukua c1841-advipservicesk9-mz.124-15.T1.bin, ambalo kila aliyechezea Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, ameliona. Lina baiti 33591768. Kadi ya 31360K inabeba baiti milioni 32 na ushei. Halienei, hata ukifuta kila kitu. Kwa kadi ya 64 linaingia na nafasi inabaki.

Kiwango cha juu rasmi kwa 1841 ni megabaiti 128 za kadi na 384 za RAM. Kwa 2811 ni 256 za kadi na 768 za RAM. Nunua kwa namba ya bidhaa na si kwa macho: MEM1800-64CF au MEM1800-128CF kwa kadi ya 1841, MEM2800-256CF kwa kadi ya 2811, MEM1841-256D kwa RAM ya 1841. Namba hizo hizo ndizo wauzaji wa memori zisizo za Cisco wanazozitumia kutangaza mbadala wao, na mbadala wa bei nafuu mimi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na memori iliyong'olewa kwenye kompyuta ya mezani kwa sababu "inaingia kwenye soketi". Kuingia si kufanya kazi.

Kuna wanaoniletea pia kadi kutoka kwa wapiga picha za harusi, wale waliokuwa na kamera kubwa za zamani. CompactFlash ni CompactFlash, kweli, lakini kadi ya kamera ya gigabaiti 8 haikutengenezewa 1841. Ruta hii inataka kadi iliyofomatiwa kwa FAT16, mpangilio wa faili wa zamani, na FAT16 kwa kawaida inaishia gigabaiti 2. Ukipata ndogo, ya megabaiti 128 au 256, ijaribu maabara. Kwenye ofisi ya mtu usijaribu.

Nakili kabla ya kuchomoa

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, na ndipo wanafunzi wanapotaka kuruka.

Hifadhi usanidi kwanza: copy running-config startup-config. Kisha andika dir flash: na usome kila jina. Utaona IOS yenyewe, huenda vlan.dat, na mara nyingi rundo la vitu kama sdm.tar, home.tar, es.tar na 128MB.sdf. Hayo ni ya SDM, ule ukurasa wa kusanidi ruta kwa kivinjari uliotegemea Java ya kale. Sijaona anayeutumia siku hizi. Usipoteze muda kuyahamisha.

Vinavyohitaji kunakiliwa ni faili la IOS, vlan.dat kama lipo, na startup-config. Unganisha laptopu kwenye FastEthernet 0/0, washa Tftpd64, programu ya kupokea na kutuma faili kwa itifaki ya TFTP, kisha:

copy flash:c1841-advipservicesk9-mz.124-15.T1.bin tftp:
copy flash:vlan.dat tftp:
copy startup-config tftp:

Kuna mtego mmoja wa TFTP. Itifaki hii hutuma data kwa vipande vya baiti 512, na namba ya kipande inaishia 65535. Zidisha, utapata baiti 33553920. Faili letu lina 33591768, limezidi kidogo sana. Programu za TFTP za zamani hushindwa kuhesabu kupita hapo, kwa hiyo zinanakili vizuri mpaka ukingoni kabisa, halafu zinakufa. Ukiona uhamishaji umekatika ukiwa umebaki mkia tu, usikimbilie kubadili kebo. Tumia toleo jipya la programu, au tumia FTP.

Ukimaliza, andika pembeni matokeo ya amri hizi mbili: show running-config | include boot na ule mstari wa mwisho wa show version unaotaja configuration register. Kwa kawaida ni 0x2102. Ukikuta 0x2142, ruta inaruka NVRAM inapowaka, na pengine kuna mtu aliwahi kurejesha nywila akasahau kurudisha. Hilo lirekebishe kwanza, la sivyo baadaye utadhani ni kadi mpya iliyofuta usanidi.

Jambo la umeme halihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa huku kwetu. Kama hakuna UPS, usianze kuandika kwenye flash jioni yenye radi au siku ya mgao.

Kutoa na kuingiza kadi

Kwenye 1841 kadi iko nyuma, upande uleule wa milango ya mtandao. Kwenye 2811 iko mbele, jirani na konsoli na USB. Karibu nayo kuna taa ndogo imeandikwa CF. Ikiwaka, ruta inasoma au inaandika, usiguse. Ikizima, kadi iko huru, na kwa kuwa IOS imo ndani ya RAM, unaweza kuitoa ruta ikiwa inaendelea kupitisha trafiki.

Mikono iwe mikavu. Shika kwanza chuma tupu cha ruta, pale pasipo na rangi, kisha bonyeza kitufe cha kutolea mpaka kadi ijitokeze. Ivute kwa kingo zake, ikiwa imenyooka. Hapa pana jambo linalofaa kukaa kichwani: kadi ya CompactFlash ina matundu 50, na pini zenyewe 50 ziko ndani ya ruta. Ukilazimisha kadi iliyopinda, unakunja pini za ruta. Kadi unaweza kununua nyingine, lakini soketi ile imeunganishwa kwenye ubao mkuu.

Kadi mpya ingiza polepole ikifuata reli za pembeni. Reli zimetengenezwa ili kadi iliyogeuzwa isiingie, kwa hiyo ukikuta ukinzani mapema, toa, tazama upande, anza upya. Ikishafika mwisho utasikia ukinzani mdogo wa pini zikiingia, sukuma kwa kidole gumba kwa nguvu ileile bila kupiga. Tumia kurunzi uchungulie soketi kabla ya kuingiza, hasa ruta iliyokaa stoo. Vumbi la Dodoma la kuanzia Juni linaingia kila penye tundu.

Kisha fomati kadi ndani ya ruta yenyewe:

format flash:

Itakuuliza mara mbili, na utaona inaandika kitu kinaitwa Monlib. Hicho ni kijisehemu kinachoisaidia ROMMON kusoma kadi wakati wa kuwaka, na Windows haikijui. Ndiyo maana kadi uliyoifomati kwenye laptopu inaweza kusomeka vizuri ruta ikiwa imewaka, kisha ikakugomea siku ya kuzima na kuwasha. Fomati kwenye ruta, kisha ukitaka kasi, toa kadi uipeleke kwenye kisoma kadi cha laptopu ukapakie faili huko bila kufomati tena.

Rudisha faili:

copy tftp: flash:

Ikimaliza, usizime kitu. Kagua kwanza kwa verify /md5 flash: ikifuatiwa na jina la faili, ulinganishe na MD5, yaani alama ya kuhakiki faili, uliyopewa pamoja na faili hilo. Rudisha vlan.dat. Kama jina la IOS limebadilika, futa mstari wa zamani na uweke mpya kwenye usanidi:

no boot system
boot system flash:c1841-advipservicesk9-mz.124-15.T1.bin

Hifadhi, kisha reload. Ruta isiyo na mstari huu itachukua faili la kwanza inalokutana nalo kwenye kadi, na ukiwa na IOS mbili hujui itaamka na ipi.

RAM

Hii haina mjadala wa kuwasha. Zima, chomoa waya wa umeme, na chomoa pia kebo zote za mtandao na za simu. Laini ya simu inabeba umeme wake hata ruta ikiwa imezimwa. Watu wanasahau kwa sababu waya ule ni mwembamba.

Fungua skrubu za mfuniko, uinue, uweke pembeni skrubu ndani ya kifuniko cha chupa zisibiringike. Usiguse boksi la umeme lililomo ndani. Vaa mkanda wa kuondoa umeme tuli na ubane kibanio chake kwenye chuma tupu cha ruta. Nilipokuwa Tanga nilikuwa naona wenzangu wakidharau mkanda huo, na hewa ya pwani yenye unyevu iliwavumilia. Dodoma ya Agosti haivumilii. Unavua sweta, unasikia cheche. Cheche unayoisikia kwenye ngozi ina volti maelfu, na chipu ya memori inaumia kwa kiasi kidogo kuliko hicho, tena bila wewe kuhisi. Kuumia kwenyewe si lazima kuonekane siku hiyo. Ruta itajiwasha upya yenyewe wiki zijazo bila sababu unayoweza kuiona.

Pwani nayo ina adui wake, chumvi. Memori iliyotoka Tanga au Mombasa huja na meno yaliyofifia na madoa. Safisha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na alkoholi ya isopropili, acha ikauke kabisa. Mafundi wengi wanasugua kwa raba ya penseli. Inang'arisha, ni kweli, lakini inakula ule utando mwembamba wa dhahabu, na raba ikishaula meno yatapata kutu haraka zaidi. Kupuliza kwa mdomo pia niachie. Mate hayakauki bila kuacha kitu.

Kwenye 1841, megabaiti 128 zimechomelewa kwenye ubao na kuna soketi moja ya kuongezea, ndiyo maana kiwango cha juu ni 384: 128 na 256. Kama soketi ina memori tayari, sukuma vile vishikilio vya pembeni kwa nje kwa wakati mmoja, memori itainuka. Ishike kwa kingo, meno usiyaguse. Mpya ina mkato mmoja kwenye upande wa meno, nao haupo katikati kabisa. Ulinganishe na kijiti kilicho ndani ya soketi kabla ya kusukuma. Kisha bana kwa vidole gumba viwili, upande wa kulia na wa kushoto sawasawa, mpaka vishikilio virudi vyenyewe kwa mlio. Ukilazimika kuvirudisha kwa mkono, haijaingia.

Kabla ya kurudisha mfuniko, tazama kama hujaacha skrubu ndani. Rudisha mfuniko, unganisha konsoli, ndipo uwashe. Fanya tena hesabu ya show version. Ukiongeza 256 juu ya 128 zilizochomelewa, jumla iwe 393216K. Ikibaki 131072K, memori haijakaa, au haitambuliki. Konsoli ikinyamaza kabisa, zima, itoe, washa bila hiyo. Ikiamka, tatizo umeshalijua.

Ikiamka kwenye rommon

Ukiona rommon 1 > badala ya jina la ruta yako, tulia. Andika dir flash:. Faili likionekana, jaribu boot flash: pamoja na jina lake kamili. Likikubali, ulikosea jina tu kwenye mstari wa boot system. Lisipoonekana, rudisha kadi ya zamani. Ndiyo maana kadi ya zamani haifutwi siku hiyohiyo.

Kama kadi ya zamani imekufa, unganisha laptopu kwenye FastEthernet 0/0 na uandike moja moja, kwa herufi kubwa:

IP_ADDRESS=192.168.1.1
IP_SUBNET_MASK=255.255.255.0
DEFAULT_GATEWAY=192.168.1.10
TFTP_SERVER=192.168.1.10
TFTP_FILE=c1841-advipservicesk9-mz.124-15.T1.bin
tftpdnld

Ukiongeza -r mwishoni mwa tftpdnld, IOS itapakiwa kwenye RAM na kuwaka bila kuandika kitu kwenye kadi. Hiyo ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ukishakuwa ndani ya IOS unaweza kuifomati kadi vizuri. Njia ya xmodem, ya kutuma faili kupitia kebo ya konsoli, ipo, lakini piga hesabu kabla ya kuianza: faili hilo kwa kasi ya 9600 ni karibu saa 10. Ukipandisha kasi hadi 115200 kwa amri ya confreg, inashuka hadi karibu saa nzima.

Wenye ruta za 1941 na 2901: hatua ni zilezile, ila zina nafasi mbili za kadi, flash0: na flash1:, kila moja inabeba hadi gigabaiti 4, na jina flash: peke yake lisikuchanganye. Taja namba kila mara.

Kadi za mitumba

Kadi iliyotoka kwenye ruta usiitie mfukoni na funguo. Itie kwenye kasha lake la plastiki, na jina la IOS iliyomo uliandike kwa maka pen juu ya kadi. Karatasi ya kubandika usitumie, inajikunja ndani ya soketi na kadi inakwama.

Ukinunua ruta au kadi iliyotumika, chungulia dir flash: kabla ya kufomati. Mara kwa mara nakuta faili za usanidi za wenye mali wa zamani, zenye anwani zao za ndani na nywila zao. Amri ya delete inaondoa jina kwenye orodha, data yenyewe inabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za bure za kurejesha picha zilizofutwa zinaifufua. Kwa hiyo ya kwako ikiondoka, andika erase startup-config kwa ajili ya NVRAM, kisha kadi ipeleke kwenye laptopu uifute yote kwa sifuri, na umwachie mnunuzi kazi ya kuifomati kwenye ruta yake.